Mstari wa Kayabwe na Dishi Juu ya Paa

Ukitoka Kampala kwenda Masaka, ukifika Kayabwe utaziona zile pete mbili nyeupe za saruji za mstari wa ikweta kando ya barabara, na wasafiri wakipiga picha mguu mmoja kaskazini ya dunia, mwingine kusini. Pembeni wapo vijana wenye mabeseni. Wanamwaga maji, wanaweka ua juu yake, na ua linazunguka kulia hatua chache upande huu, kushoto hatua chache upande ule. Yanapendeza kutazama, lakini sayansi haiyaungi mkono. Nguvu inayotokana na kuzunguka kwa dunia huonekana kwenye vimbunga vya baharini. Ndani ya beseni, mita kumi kutoka kwenye mstari, ni ndogo mno. Maji yale yanafuata namna yalivyomwagwa.

Dishi la intaneti ni habari nyingine. Hilo mstari wa ikweta unaligusa kweli.

Mimi na mume wangu tunaishi ndani ya Coaster ya zamani ambayo mafundi wa Katwe waliing'oa viti wakaifanya nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi karibu na mlango, meza moja ambayo mchana ni ofisi na usiku ni ya kulia chakula. Mimi natafsiri hati, yeye anachora ramani za visima. Siku ambayo intaneti haipo, hatujafanya kazi. Kwa hiyo tumesoma sana kuhusu satelaiti, na tulichogundua ni kwamba karibu ushauri wote uliopo umeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, kwa ajili ya anga la kwao. Wanakwambia elekeza dishi kaskazini, inamisha paneli za sola kuelekea kusini, jihadhari na theluji. Hawasemi uongo. Ila wanaishi chini ya anga tofauti na letu, na anayewafuata neno kwa neno akiwa Mbarara au Soroti atapoteza fedha na usingizi. Sisi tulipoteza vyote viwili.

Leseni kwanza

Naanza na jambo ambalo wengi huliacha mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kufanya mengine yote yasiwe na maana.

Dishi la televisheni hupokea tu. Dishi la intaneti hupokea na kurusha, na kifaa kinachorusha mawimbi ni suala la leseni. Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 inataka leseni ya Tume ya Mawasiliano, UCC, kwa anayetoa huduma ya mawasiliano na kwa anayeweka au kutumia kituo cha redio. Ukinunua huduma kwa kampuni yenye leseni, mzigo mkubwa wa sheria unabaki kwa kampuni. Ukinunua kwa isiyo nayo, mzigo unakufuata wewe.

Starlink, kampuni ya intaneti ya satelaiti ambayo ndiyo watu wengi wanaifikiria wanaposikia dishi la kubebeka, ilianza huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, na baadaye ikaingia Sudan Kusini na Kongo. Uganda haikuwa imeipa leseni. Desemba 2025 kukatolewa sharti kwamba vifaa vyake visipite forodha bila barua ya idhini ya jeshi, na mwanzoni mwa Januari 2026, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, kampuni yenyewe ilizima huduma ndani ya Uganda kwa agizo la UCC.

Hapo ndipo watu huuliza: je, nikinunua Kenya nikavuka nalo Malaba? Dishi lina GPS ndani yake. Linajua limesimama wapi kabla halijakupa hata ukurasa mmoja, na kampuni hufungua au kufunga huduma kwa mujibu wa mahali. Kuvuka mpaka hakulifichi, kunakuingiza tu kwenye maelezo na maofisa. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, tazama orodha ya UCC ya wenye leseni siku ileile unayotaka kununua, maana orodha hiyo hubadilika. Sisi dishi letu bapa tunalitumia upande wa Kenya, na tunapoingia Uganda linabaki Busia ya kule, nyumbani kwa shemeji. Ndani ya Uganda tunatumia mtandao wa simu, nami nitaufikia.

Mwewe na nzige

Satelaiti za intaneti ni za makundi mawili makubwa, na tofauti yao ndiyo chanzo cha karibu kila mkanganyiko.

Kundi la kwanza liko mbali, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo satelaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, kwa hiyo ukiitazama kutoka chini unaiona imesimama, kama mwewe aliyetulia juu ya kifaranga. Lazima iwe juu ya ikweta. Ikiwa kwingine, haiwezi kutulia. Ndiyo maana sisi wa hapa satelaiti hizo ziko juu ya utosi wetu. Tazama madishi ya televisheni ya kulipia kwenye mapaa ya Kampala: mengi yameelekea juu karibu wima, kama bakuli linalosubiri mvua. Satelaiti yake iko kwenye longitudo digrii 36 mashariki, na Kampala iko digrii 32 na nusu. Ukienda London, madishi ya ukutani yameinamishwa upande wa kusini, kwa sababu ikweta yao iko huko chini, mbali na utosi.

Ubaya wa mwewe ni umbali. Ombi lako linapanda hadi kwake, linashuka kwenye kituo cha ardhini, jibu linapanda tena na kushuka kwako. Safari nne za kilomita 35,786, kwa kasi ya mwanga, ni karibu nusu sekunde, na ukiongeza kazi ya mitambo njiani inafika sekunde 0.6 au zaidi. Barua pepe haitajali. Kupakua hati haitajali. Lakini mkutano wa video utakuwa wa kukatana maneno, kila mtu akidhani mwenzake amemaliza kusema. Halafu dishi lake ni la kulenga. Likikosea kidogo tu, mwewe humwoni. Anayehama kila siku mbili hataki kazi ya kulenga kila anapoegesha.

Kundi la pili ni nzige. Satelaiti za Starlink huzunguka kwenye kilomita 480 hadi 550 hivi, kila moja ikimaliza mzunguko wa dunia kwa takriban dakika 95. Moja inapita juu yako kwa dakika chache tu kisha inapotea, na nyingine inachukua nafasi. Kwa sababu ziko karibu, jibu linarudi haraka, mara nyingi kwa milisekunde 25 hadi 60 pale kituo cha ardhini kinapokuwa karibu. Kituo kikiwa mbali, data hurushwa kutoka satelaiti hadi satelaiti kwa miale ya leza hadi ipate pa kushukia, na hapo milisekunde huongezeka.

Kumfuata nzige anayeruka kilomita 27,000 kwa saa kwa dishi la kuzungushwa na mota haiwezekani kwa bei ya mtu wa kawaida. Ndiyo maana dishi lenyewe ni bapa. Ndani yake kuna mamia ya antena ndogo ndogo, na kompyuta huchelewesha mawimbi ya kila moja kwa kipimo kidogo mno, ili yakijumlishwa yaelekee upande mmoja wa anga. Sahani haisogei, ila jicho lake linazunguka. Linahama kutoka satelaiti moja kwenda nyingine kila baada ya sekunde chache, bila wewe kujua.

Mkanda uliokatazwa

Sasa tunafika kwenye kiini, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili sikulikuta limeelezwa popote kwa ajili ya watu wa ikweta.

Mwewe na nzige hutumia masafa yanayofanana. Mwewe walitangulia, na kanuni za kimataifa za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, zinawalinda: satelaiti za chini haziruhusiwi kuwafanyia kelele. Fikiria nzige anapita katikati ya jicho la dishi lako na mahali alipo mwewe. Ukiongea naye kwa mstari huohuo, sauti yako inaendelea hadi kwa mwewe nyuma yake, na sauti ya nzige inaingia kwenye madishi ya televisheni ya majirani wanaotazama upande huo. Dawa yake ni kwamba mitambo ya nzige hukwepa sehemu yote ya anga inayolingana na njia ya mwewe, pamoja na ukingo wa digrii kadhaa kila upande. Huo ni mkanda uliokatazwa.

Je, mkanda huo unaonekana wapi? Kwa Mmarekani au Mjerumani uko kusini, umeinama. Yeye akiinamisha dishi kaskazini anaukimbia, na anabaki na anga pana la kuchezea. Ndiyo asili ya ule ushauri wa "elekeza kaskazini". Kwa mtu wa Cape Town ni kinyume chake. Kwetu sisi mkanda unachomoza mashariki, unapita juu ya utosi, unatua magharibi, kama njia ya jua mwezi Machi. Unalikata anga vipande viwili. Kipande kizuri kabisa, kile cha juu kabisa ambacho miti na milima haikifikii, ndicho tusichoruhusiwa kukitumia. Kinachobaki ni pande mbili, kaskazini na kusini.

Sisi tulijifunza hili kwa mwembe. Mara ya kwanza tulipofunga dishi, kwa shemeji kule Busia, tuliegesha Coaster uani na kulielekeza dishi kaskazini kama tulivyosoma. Kaskazini ya ua ule upo mwembe mkubwa. Kwa wiki mbili mtandao ulikuwa unakuja na kukatika, sekunde kumi hapa, sekunde ishirini pale. Kurasa zilifunguka, hivyo tulidhani tatizo ni kompyuta. Lakini kila mkutano wa video uliganda, na mteja mmoja aliniacha. Nilimwomba shemeji apunguze matawi.

"Shemeji," alinijibu, "mwembe huu aliupanda mzee. Sogezeni gari."

Tukasogeza gari, mita kumi na tano kuelekea kusini, mahali ambapo kaskazini na kusini palikuwa wazi, ingawa nyumba ilikuwa imetuziba mashariki. Kukatika kukaisha mchana uleule. Nyumba ya mashariki haikutudhuru kwa sababu ilikuwa imeziba mkanda ambao tayari ulikuwa umekatazwa.

Kwa hiyo ukiingia msituni au kwenye kambi yenye miti, uwazi mrefu unaokwenda kaskazini hadi kusini ni bora kuliko uwazi wa upana uleule unaokwenda mashariki hadi magharibi. Mwenye dishi la mwewe ni kinyume kabisa: yeye anahitaji tundu moja tu kwenye mstari wa mashariki na magharibi, na miti ya kaskazini na kusini haimhusu. Watu wawili walioegesha kambi moja, mmoja akilalamika na mwingine akifurahia mahali palepale, huenda wote wanasema kweli.

Kuna jambo jingine dogo kwenye anga letu. Nyingi ya satelaiti za Starlink husafiri kwenye njia zilizoinama digrii 53 kutoka ikweta. Kila njia ya namna hiyo hukaa muda mrefu karibu na kilele chake cha kaskazini na kusini, na hukatiza ikweta haraka. Ndiyo maana juu ya Uingereza nzige wamesongamana, na juu yetu wametawanyika zaidi. Tawi moja lililoziba ambalo mtu wa Uingereza asingelihisi, sisi tunalihisi.

Mwelekeo kamili waachie programu ya simu inayokuja na kifaa. Inasoma mahali ulipo na kukuambia uzungushe kiasi gani, na ikiachwa saa kadhaa inachora ramani ya vizuizi, kipande kwa kipande. Usikariri mwelekeo wa kambi ya jana.

Ngumi tatu na nusu

Dishi bapa la kawaida huona upana wa digrii 110. Likilala chali, maana yake linaona kila kitu kilicho juu ya digrii 35 kutoka upeo wa macho, na kilicho chini ya hapo hakilihusu. Namna ya kupima bila chombo: nyosha mkono mbele, kunja ngumi. Ngumi ya mtu mzima kwenye mkono ulionyooka ni karibu digrii 10. Anzia usawa wa macho, panda ngumi juu ya ngumi. Kilele cha mti au cha mlima kikiwa chini ya ngumi tatu na nusu, kiache. Kikizidi, na kiko kaskazini au kusini, sogea.

Kwa hesabu, mti wenye urefu wa mita 20 juu ya paa lako unapaswa kuwa umbali wa karibu mita 30. Mvule uliokomaa unahitaji zaidi. Kwa watu wa Bunyonyi, ambako vilima vinaanguka moja kwa moja ziwani, kuegesha chini ya mteremko ni kupoteza nusu ya anga, lakini mtu aliyeko juu ya ukingo anaona vilima vyote chini ya ngumi mbili. Kwenye vijiji vya Bwindi, ambako maegesho mengi yamo chini ya miti, usitegemee chochote kabla hujapima. Kidepo ni tofauti kabisa: lile bonde pana la nyasi ni zawadi kwa mwenye dishi.

Tatizo ni kwamba binadamu hutaka kivuli, dishi hutaka uwazi. Hapo faida ya dishi dogo la kubebeka, lenye uzito wa kilo moja na kidogo, ni kwamba gari linabaki chini ya mti na dishi linatolewa nje kwa waya. Lakini waya una hesabu zake, na ndiko walikofeli watu wengi ninaowajua.

Volti zinazopotea njiani

Dishi dogo la Starlink hula wati 25 hadi 40. La kawaida hula wati 75 hadi 100. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni tofauti ya maisha kwenye gari. Ukifanya kazi saa 8, dogo kwa wati 30 linakula wati-saa 240, na kubwa kwa wati 80 linakula 640. Kompyuta ya mkononi bado hujaihesabu.

Betri ya asidi ya ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina, lakini ukiinyonya zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, hivyo hesabu 600. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti ya ukubwa uleule inakupa zaidi ya 1,000 bila malalamiko. Ni ghali. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja kizuri katika mfumo wote huu, nunua betri, usinunue dishi kubwa.

Watu wengi huwasha inveta, wakageuza umeme wa betri kuwa wa volti 240, kisha wakachomeka chaja ya dishi inayougeuza tena kuwa wa volti ndogo. Kila mgeuzo una ushuru wake, na inveta yenyewe hula umeme hata ikiwa haina kazi. Dishi dogo linakubali volti 12 hadi 48 moja kwa moja. Lichomeke kwenye betri kupitia fyuzi, inveta izime.

Sasa waya. Muuzaji mmoja aliniuzia waya mwembamba wa mita 10, milimita za mraba 0.75, akaniapia unatosha. Dishi liliwaka, likafanya kazi dakika tano, likazima, likawaka tena. Siku nzima. Hesabu ni hii: umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 10 za waya ni mita 20 za shaba, na shaba nyembamba hivyo ina ukinzani wa karibu omu 0.47. Dishi likivuta wati 40 kwa volti 12, ni ampia 3.3. Zidisha: volti 1.5 zinapotelea kwenye waya. Betri ina 12.8, dishi linapata 11.3, nalo linataka zisizopungua 12. Likivuta kidogo linaishi, likivuta sana linakufa. Nilipoweka waya wa milimita 2.5, upotevu ukawa chini ya nusu volti na ugonjwa ukaisha. Kwa umbali mrefu zaidi, mafundi huweka kifaa cha kupandisha volti hadi 24 karibu na betri. Ampia zinapungua nusu, na upotevu pia.

Kuhusu sola tuna bahati ambayo hatuitumii vizuri. Ulaya paneli zinainamishwa, kwa sababu jua lao liko chini. Hapa jua halivuki digrii 23 na nusu kaskazini mwezi Juni wala kusini mwezi Desemba, na kati ya hapo liko karibu na utosi. Paneli iliyolala chali juu ya paa la gari ndiyo sahihi, haihitaji fremu ya kuinamisha. Inahitaji kufutwa. Vumbi jekundu la barabara za Karamoja na vinyesi vya ndege kambini hula umeme. Paneli ya wati 200, kwa saa 5 za jua kamili na upotevu wa kawaida, itakupa wati-saa 600 na ushei kwa siku nzuri. Na kwa kuwa saa zetu zimewekwa kwa longitudo ya digrii 45, jua la Kampala hufika kileleni kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, si saa sita kamili. Kazi nzito za mtandao zifanye saa hizo, betri ikiwa inajaa.

Mvua na radi

Ukungu haudhuru. Wingu la kawaida halidhuru. Mvua kubwa inadhuru, kwa sababu mawimbi yanayotumika yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na tone nene la milimita kadhaa linatosha kuyanyonya na kuyatawanya. Mvua za Ziwa Victoria zina matone ya namna hiyo. Mtandao utakatika dakika kumi, ishirini, kisha utarudi wenyewe. Usiguse kitu. Kandokando ya ziwa, dhoruba mara nyingi hujengeka alasiri juu ya nchi kavu na usiku juu ya maji, hivyo mwenye mkutano muhimu auweke asubuhi, kisha aangalie anga kabla.

Radi ndiyo inayonitisha. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi duniani, na si jambo la vitabuni: Novemba 2024 radi iliua watu 14 waliokuwa ibadani katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo. Ndani ya gari la bati uko salama kiasi kwa sababu umeme hupita kwenye bodi hadi ardhini. Lakini ukiwa umesimamisha dishi kwenye mlingoti na waya unaingia dirishani hadi mezani kwako, umeifungulia radi mlango. Ukiona dhoruba inakuja, kabla ya ngurumo kufika, chomoa waya upande wa ndani, utupe nje, funga dirisha. Kama dishi liko mbali kwenye nyasi, liache huko. Hakuna dishi linalostahili mtu kulifuata nje wakati ule.

Mnara wa simu kabla ya satelaiti

Nimeandika sana kuhusu anga, lakini ukiniuliza ninunue nini leo, nitakuuliza unaishi wapi. Anayefuata lami kutoka Busia hadi Kampala, Mbarara, Fort Portal na Gulu atatoshelezwa na ruta ya 4G yenye laini mbili za kampuni tofauti, MTN na Airtel, na antena moja ya nje. Ni nafuu, ni halali, inakula wati zisizofika 10. Antena ya nje ni muhimu kuliko bando kubwa: bodi ya chuma ya gari huzuia mawimbi, kwa hiyo simu iliyo mezani inaona mistari miwili mahali ambapo antena ya juu ya paa inaona minne. Iinue mita tatu juu ya paa kwa bomba, igeuze polepole kuelekea mnara, subiri dakika moja kila unapogeuza, andika kasi. Tena bodi hiyohiyo inawasumbua wenye dishi dogo, kwa kuwa ruta yake iko ndani ya dishi: likiwa juu ya paa, bati liko kati yenu. Weka ruta ndogo ya pili ndani, iunganishe kwa waya.

Na kabla ya yote zima masasisho ya kujiendesha kwenye simu na kompyuta. Tangu Julai 2021 data nchini Uganda ina ushuru wa asilimia 12. Usiulipe kwa ajili ya picha zinazojipandisha zenyewe usiku ukiwa umelala.

Wiki ijayo tunavuka Busia. Shemeji ameandika kwamba dhoruba ilivunja tawi kubwa la mwembe, lile la upande wa barabara, na kwamba mzee asingekasirika kwa tawi lililoangushwa na Mungu. Mume wangu ameshaanza kusema tutaegesha palepale pa zamani, kivulini. Nitashuka kwanza, nisimame pale paa litakapokuwa, ninyooshe mkono.